Gobore katika Handeni na Korogwe

Gobore (wingi: magobore, pia gobori) ni bunduki inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, bunduki za aina hiyo zilienea katika karne ya 19 kwa njia ya biashara ya pwani. Zilibadilisha uwindaji, vita na utawala katika bonde la mto Pangani.

Gobore likitunzwa vizuri liliweza kudumu miaka mingi na kurithiwa na watoto. Baruti ilikuwa tofauti: kila mlio mmoja uliipunguza. Kwa sababu hiyo nguvu ya mtu mwenye bunduki haikutegemea wingi wa bunduki zake peke yake, bali pia njia yake ya kupata baruti na risasi, na uangalifu wake katika kuitunza silaha. Makala hii inaeleza mambo hayo, pamoja na tofauti kati ya gobore na revolva ya siku hizi, na sheria inayohusu silaha zote mbili.

## Sehemu za gobore

Gobore lina sehemu kuu nne. *Mtutu* ni bomba la chuma ambalo mwisho wake wa nyuma umezibwa. *Kitako* ni sehemu ya mti inayoegemezwa begani. *Mtambo* ni chombo cha kuwashia baruti. *Mdeki* ni ufito wa chuma au mti wa kushindilia.

Mtambo wa zamani zaidi kati ya ile iliyoenea Afrika Mashariki ni wa *gumegume*, yaani jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa na chuma. Mpigaji akivuta kifyatuo, nyundo iliyobana jiwe huangukia kipande cha chuma. Cheche hutumbukia katika kisahani chenye baruti kidogo, na moto hupenya tundu dogo hadi ndani ya mtutu. Bunduki yenyewe huitwa gumegume kwa jina la jiwe hilo.

Mtambo wa baadaye hutumia *fataki*, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayowaka ikipigwa. Nyundo hugonga fataki, na moto huingia moja kwa moja ndani ya mtutu. Fataki haisumbuliwi na upepo wala manyunyu kama ilivyo kwa gumegume. Hata hivyo ina udhaifu mmoja: jiwe huweza kutumika mara nyingi, lakini fataki hutumika mara moja tu na lazima inunuliwe nyingine.

## Baruti na risasi

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Huwaka haraka na kutoa moshi mwingi mweupe. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kama masizi na chembe za chumvichumvi, nyingine zikitoka pamoja na moshi na nyingine zikiganda ndani ya mtutu. Jambo hili ndilo chanzo cha kazi kubwa ya kusafisha gobore.

Baruti hunyonya unyevu. Ikilowa haiwaki vizuri, na hata ikikaushwa inaweza kuwa imeharibika kwa sababu shura huyeyuka katika maji na kujitenga na viungo vingine. Kwa hiyo wenye bunduki waliibeba katika pembe au vyombo vilivyozibwa vizuri.

Neno *risasi* lina maana mbili katika Kiswahili: madini yenyewe na kitu kinachopigwa kwa bunduki. Maana hizo zinahusiana. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, joto linalopatikana kwa moto wa kawaida wa makaa, kwa hiyo ni rahisi kuyamimina katika kalibu. Ni mazito, na ni laini kuliko chuma cha mtutu. Moshi na vumbi lake, hata hivyo, ni sumu mwilini, hasa kwa watoto.

Aina za risasi za gobore ni hizi:

* Popoo, yaani risasi moja ya mviringo, kwa wanyama wakubwa. Hufanywa ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu ili ipite hata baada ya masizi kuanza kuganda.
* Marisau, yaani chembe ndogo nyingi, kwa ndege na wanyama wadogo. Hutawanyika, na nguvu yake hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka.
* Vibadala, kama vipande vya chuma, misumari au mawe, vilivyotumika pale risasi ilipokosekana. Hivi hukwaruza mtutu, haviendi sawasawa, na vikikwama vinaweza kuupasua.

Mtutu wa gobore la kawaida hauna mifuo ndani. Popoo hutoka bila kuzungushwa, na hivyo hupotea njia mapema. Mwindaji alilazimika kunyatia hadi karibu kabla ya kupiga, kwa sababu kujaza tena kulichukua muda na mnyama aliyejeruhiwa hakusubiri.

## Matunzo

### Kusafisha

Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu wa hewa. Gobore lililopigwa jioni na kuachwa bila kusafishwa huweza kuonyesha kutu asubuhi, hasa wakati wa masika. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba dawa yake ya kwanza ni maji, wala si mafuta. Chumvichumvi za baruti huyeyuka katika maji, hasa ya moto, lakini haziyeyuki katika mafuta. Mtu anayepaka mafuta juu ya masizi anafunika kutu, haizuii.

Mpangilio wa kawaida ni huu: kuhakikisha bunduki haina kitu ndani, kuosha mtutu kwa maji na kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki hadi kitambaa kitoke safi, kuzibua tundu la moto, kukausha kabisa, kisha kupaka mafuta mepesi yasiyo na chumvi. Kabla ya kutumia tena, mafuta ndani ya mtutu hufutwa, maana yakibaki huilowesha baruti.

Mti wa kitako nao huangaliwa. Mchwa na unyevu huulegeza, na mtutu ukicheza kwenye kitako moto wa mtambo unaweza kumrudia mpigaji usoni.

### Hatari za kawaida

Gobore halina njia ya kufungua na kuchungulia kama limejazwa. Ajali nyingi za aina hii ya silaha hutokana na dhana kwamba ni tupu. Njia ya zamani ya kuhakiki ni mdeki: fundi huutumbukiza ndani ya mtutu, huweka alama pale mdomoni, kisha huulaza nje sambamba na mtutu. Mdeki usipofika mwisho, kuna kitu ndani. Hata hivyo kila gobore hushikwa kana kwamba limejazwa, na mdomo wake hauelekezwi kwa mtu.

Hatari nyingine ni hizi:

* Kujaza mara mbili baada ya gobore kukataa kulia, hivyo mtutu kubeba mzigo usioweza kuuhimili.
* Kuacha nafasi kati ya baruti na popoo. Popoo ambayo haikushindiliwa hadi chini huwa kama kizibo, na mtutu huweza kuvimba au kupasuka.
* Kumimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe mara baada ya kupiga. Cheche iliyobaki ndani huweza kuwasha pembe nzima mkononi.
* Kusogelea mdomo wa bunduki iliyokataa. Moto huweza kuchelewa, kisha bunduki ikalia.
* Kutumia baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Hii ina nguvu kubwa mno kwa mtutu wa gobore, hata kwa kipimo kidogo.

Magobore yanayotengenezwa kwa siri kutokana na mabomba ya maji au vyuma vya magari ni hatari zaidi kwa mpigaji mwenyewe. Bomba la maji halikufanywa kwa msukumo wa baruti, na mara nyingi lina mshono ubavuni.

## Historia

### Biashara ya pwani

Nchi ya Wazigua, ambayo sehemu yake kubwa iko Handeni, inapakana na mwambao unaotazamana na Unguja. Bandari za Saadani na Pangani zilikuwa milango yake. Seyyid Said wa Omani alipojenga utawala wake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Uhindi, Arabuni, Ulaya na Marekani walifuata pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Wamarekani, wengi wao kutoka mji wa Salem, walileta kitambaa ambacho hadi leo huitwa merikani. Pamoja na kitambaa, shanga na nyaya za shaba, bunduki na baruti zikawa bidhaa za kawaida.

Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 unaonyesha uzito wa bidhaa hizo. Katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziliruhusiwa kuuzwa kwa serikali tu, lakini katika bandari nyingine za Sultani ziliweza kuuzwa kwa yeyote aliyetoa bei ya juu. Sultani alijilinda mahali alipoishi. Ng'ambo, barani, soko liliachwa wazi.

Wazigua wa karibu na pwani walipata bunduki mapema kuliko jirani zao wa milimani. Malipo yalikuwa pembe za ndovu, mazao, na pia watu. Aliyekuwa na baruti aliweza kuteka, na aliyeteka aliweza kununua baruti zaidi. Wazigua wenyewe hawakunusurika: katika njaa ya miaka ya 1830 wengi walichukuliwa au kujiuza pwani na kuvushwa kwa majahazi hadi Somalia. Wazao wao katika bonde la mto Juba wameendelea kusema Kizigula.

Mzigua mashuhuri wa wakati huo ni Kisabengo, aliyekusanya wafuasi wenye bunduki na kujenga mji wenye ngome mahali palipo Morogoro ya leo. Binti yake, Simbamwene, alitawala mji huo baada yake.

### Vugha na Mazinde

Kaskazini mwa mto Pangani ulikuwako ufalme wa Wasambaa chini ya ukoo wa Kilindi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliketi Vugha, juu katika milima ya Usambara. Utawala wake ulisimama juu ya kodi, undugu wa machifu na imani katika uwezo wake juu ya mvua. Milima ilimlinda, lakini pia ilimweka mbali na njia za misafara. Wazigua wenye bunduki walizidi kuwa na nguvu kwenye tambarare ya Pangani, naye akahitaji urafiki na Sultani wa Zanzibar. Richard Burton na John Hanning Speke walipopanda kwenda Vugha mwaka 1857 walikuta askari Wabaluchi wa Sultani wamewekwa Tongwe, katika Muheza ya leo.

Mwana wa Kimweri aitwaye Semboja alichagua mahali tofauti. Makao yake yalikuwa Mazinde, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Korogwe, chini kabisa ya milima, kwenye njia ya misafara kati ya Pangani na Kilimanjaro. Hapo alifanya biashara na wasafiri, na kwa biashara hiyo alipata bunduki na baruti. Baada ya kifo cha Kimweri, kiti cha Vugha kilishikwa na mjukuu wake Shekulwavu. Semboja alimshambulia na kumfukuza, akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, mahali pake. Yeye hakuhamia Vugha. Alibaki Mazinde, kwa kuwa nguvu ilikuwa imeshuka kutoka mlimani hadi barabarani.

Gharama ya mabadiliko hayo ilikuwa kubwa. Vita viliendelea kwa miaka mingi, Wabondei waliasi utawala wa Wakilindi, na mateka wengi waliuzwa pwani. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash aliukubali kwa shinikizo la Waingereza, ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, lakini biashara ya siri haikukoma mara moja.

### Vita dhidi ya Wajerumani na Mkataba wa Brussels

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano ya Pangani na Bagamoyo hadi aliponyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyeungwa mkono na Wazigua, aliendelea kupigana akitumia maboma ya miti ndani ya msitu. Alijisalimisha Aprili 1890. Jeshi la Hermann von Wissmann lilikuwa na mizinga na bunduki zinazojazwa kwa nyuma, na manowari ziliziba pwani zisiingie silaha. Wapiganaji waliotegemea baruti ya kununuliwa walikatwa mahali penyewe walipoipata.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia pia uingizaji wa silaha katika sehemu ya Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Ulilenga hasa bunduki zenye mifuo na silaha za kisasa pamoja na risasi zake. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara ziliweza kuruhusiwa, chini ya usimamizi wa serikali. Hivyo tofauti kati ya silaha ya mtawala na silaha ya mtawaliwa iliwekwa katika sheria: mmoja bunduki ya kisasa, mwingine gobore. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobore kubaki vijijini wakati nchi nyingine zilikwisha kuliacha.

Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, mtawala wa Vugha. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na njia ya misafara iliyolipatia Mazinde umuhimu wake ikapoteza kazi yake.

## Kutoka gobore hadi revolva

Revolva, yaani bastola ya risasi kadhaa zenye kukaa katika silinda inayozunguka, ilipewa hataza na Samuel Colt mwaka 1836. Revolva zake za kwanza zilikuwa kama magobore madogo yaliyounganishwa: kila tundu la silinda lilijazwa baruti na popoo, na nyuma yake ikawekwa fataki. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza revolva inayotumia risasi kamili, ambamo ganda la chuma hubeba kiwashio, baruti na kichwa cha risasi kwa pamoja.

Ganda hilo lilihamisha kazi ya kuchagua. Mwenye gobore alipima baruti na risasi mwenyewe. Mwenye revolva huchagua risasi iliyokwisha kupimwa kiwandani, na kosa lake kubwa linaloweza kutokea ni kuchagua isiyolingana na silaha. Jina la risasi linalokubalika huchongwa kwenye mtutu au mwili wa bastola, na ndilo linalofuatwa, si kipenyo kinachoonekana kwa macho. Mfano unaojulikana ni .38 Special na .357 Magnum, ambazo vichwa vyake vina kipenyo kimoja. Revolva ya .357 Magnum hupokea .38 Special bila shida. Kinyume chake hakifai, kwa kuwa Magnum ina msukumo mkubwa zaidi. Ganda lake lilirefushwa ili lisiingie katika silinda fupi.

Risasi za siku hizi hazitoi masizi mengi kama baruti nyeusi, lakini msingi wa matunzo haukubadilika: kutoa risasi zote kwanza, kuhakiki kila tundu la silinda, kusafisha mtutu na matundu, kukausha, na kupaka mafuta kidogo. Mafuta mengi yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio cha risasi na kuifanya isilie. Risasi zenye kutu, zilizobonyea au zilizolowa hazitumiki. Silaha na risasi huhifadhiwa mahali palipofungwa, mbali na watoto.

## Sheria

Nchini Tanzania umiliki wa silaha unaongozwa na sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Gobore huhesabiwa kuwa silaha ya moto sawa na bastola. Kulimiliki, kulitengeneza au kuliuza bila kibali ni kosa la jinai, hata kama lilirithiwa kutoka kwa babu. Maombi ya leseni hupitia kwa viongozi wa eneo na vyombo vya ulinzi na usalama, na usajili uko chini ya Jeshi la Polisi. Leseni ya silaha hairuhusu kuwinda: uwindaji unahitaji kibali chake chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Katika miaka ya karibuni serikali imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, ambapo mtu huweza kukabidhi silaha asiyoimiliki kihalali bila kushitakiwa. Kwa familia inayokuta gobore la zamani darini, njia salama ni kutolijaribu wala kujaribu kulitoa kilichomo, kuliacha bila kuguswa, na kutoa taarifa kituo cha polisi. Baruti iliyokaa mtutuni kwa miaka mingi ikiwa kavu bado inaweza kuwaka.